Ombi la Kurudishiwa Giza la Dakika Arobaini

Jumanne, tarehe 9 Juni. Leo natimiza miaka miwili, miezi mitatu na siku kumi na moja tangu nitoke nyumbani.

Kwa Ndugu Mhandisi wa Umeme,
uliyekuja kiwandani kwetu na kompyuta na viatu vyekundu, ukakaa siku tisa, ukaondoka.

Yahusu: kurudishiwa giza.

Natumaini barua hii itakukuta mzima na taa zako zinawaka. Huenda sura yangu huikumbuki, lakini mikono yangu unaikumbuka. Ndiyo iliyoshika ngazi siku zote tisa, na ndiyo iliyoshika tochi ulipoingiza kichwa chote ndani ya kabati la umeme la bweni mpaka nikawa naona viatu vyekundu tu. Siku ya tatu uliniita kaka. Naomba basi nami nikuite dada, na kwa udugu huo nikulalamikie bila kuzunguka. Shule niliishia darasa la sita. Palipopinda panyooshe mwenyewe.

Dada, umetuharibia.

Kabla sijahesabu makosa yako, nieleze hali ilivyokuwa, maana barua hii inaweza kusomwa na wakubwa wako ambao hawajafika hapa. Kiwanda chetu kinatengeneza vigae vya sakafu. Tuko watu mia tatu na kumi na wawili, zamu ya mchana na zamu ya usiku, na wote tunalala kwenye bweni lililo nyuma ya tanuru. Umeme wote, wa mashine na wa bweni, unapita kwenye swichi kuu moja iliyo kwenye kibanda cha transfoma. Kutoka hapo unagawanyika kwenda kwenye tanuru, mikanda ya kubebea vigae, kikaushio, ofisi na bweni. Na ndani ya bweni unagawanyika tena, korido kwa korido. Kila unapogawanyika kuna mlinzi, fyuzi au breka, ambaye kazi yake ni kukata umeme ukizidi. Hivyo ndivyo ulivyonifundisha nikiwa chini ya ngazi.

Sasa walinzi wetu walikuwa na tabia zao. Fyuzi ya korido ya tatu, ninakolala mimi, haikuwa inakata kitu. Mzee Bisibisi, fundi wetu wa umeme, alichoka kuitwa kila mtu anapopiga pasi, akatoa kile kiwaya chembamba kama unywele akaweka waya mnene kama kijiti cha kiberiti. Alisema, "Sasa tutapumzika." Kule kibandani nako, mtu asiyejulikana aliwahi kuizungusha swichi kuu kwa bisibisi mpaka kipimo cha chini kabisa, ikawa swichi ya wasiwasi, ukipiga chafya inaanguka. Matokeo yake, shoti ikitokea kwenye pasi ya chumba namba 14, mlinzi wa korido anaitazama ikipita, wa bweni naye anaitazama, na yule mkubwa wa kibandani ndiye anayeanguka kwanza. Kiwanda kizima gizani. Mzee Bisibisi anatembea mpaka kibandani, anainua swichi, mikanda inaanza upya mmoja mmoja. Dakika arobaini.

Wewe ukaja. Ukachora mistari kwenye karatasi, kila mlinzi na mstari wake umepinda kama mkia wa paka, ukaniambia mistari hiyo isigusane. "Kaka, aliye karibu na kosa ndiye akate. Mkubwa asubiri kidogo. Mdogo akishindwa, ndipo mkubwa aingie." Nikatikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Ukang'oa ule waya mnene, ukaweka breka mpya kila korido na kila chumba, ukaenda kibandani ukamfundisha mkubwa kuvumilia. Tangu siku hiyo ni siku hamsini na nane, na kiwanda hakijazimika hata mara moja.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Umefanya kila kosa liwe na mwenyewe.

Zamani umeme ukikatika hakuna aliyejua ni kosa la nani. Tuko gizani pamoja, nyapara na sisi, meneja na sisi, na kila mtu anamlaumu mtu asiyekuwepo. Kulikuwa na upendo. Siku hizi mwenzangu wa chumbani, tunayemwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia, akipiga pasi suruali mbichi, kinazimika chumba namba 14 peke yake. Korido nzima inawaka, bweni zima linawaka, sisi tumekaa katikati kama pengo mdomoni. Msimamizi wetu, Bwana Kwanini, hana haja tena ya kuuliza kwa nini. Anatazama madirisha tu, kisha anakuja moja kwa moja mlangoni kwetu. Jina lake limeanza kukosa kazi, na mtu mzima hafanyiwi hivyo.

2. Umetunyang'anya simu.

Kanuni ya kiwanda namba saba, ipo ukutani: simu zote zitafungiwa kwenye sanduku la msimamizi wakati wa zamu. Kanuni namba nane: umeme ukikatika, kila mfanyakazi asimame alipo, apewe simu yake apate mwanga, asubiri. Walioandika hayo walikuwa na maana yao. Jumba la kikaushio halina dirisha hata moja, na taa za dharura zilikufa kabla sijafika. Kwa hiyo giza likiingia, Bwana Kwanini anapita na sanduku lake akipapasa, "Ya nani hii? Na hii yenye ufa?", na kila mtu anarudishiwa simu yake kwa ajili ya mwanga. Dada, hakuna aliyewahi kuwasha tochi. Tulikuwa tunapiga nyumbani.

Utasema nipige nikitoka zamu. Nikitoka zamu kwetu wamelala, saa za huku na za kule hazilingani. Kabla sijaingia zamu, mke wangu yuko kazini kwake na mtoto yuko kwa bibi yake, ambaye simu yake ni ya kusikia tu. Siku ya mapumziko, moja kila wiki mbili, bweni zima linapiga kwa pamoja na mtandao unakabwa koo. Naona jicho moja la mke wangu, limeganda. Lakini saa nane na nusu mchana wa huku, kwetu ni jioni. Mtoto ameshaogeshwa, amekaa mapajani kwa mama yake. Saa hiyo ndiyo iliyokuwa yetu.

Nilipoondoka mtoto huyo alikuwa tumboni, miezi mitano. Mwisho wa mwezi huu anatimiza miaka miwili. Hajawahi kuniona ila kwenye simu, na kwenye simu hajawahi kuniona ila gizani, kwa kuwa simu yangu ni ya zamani, tochi na picha haviwaki pamoja. Baba anayemjua yeye ni kioo cheusi chenye sauti, na meno kidogo. Ananiita Baba Giza. Simu ikilia alikuwa anakimbia akisema umeme umekatika kwa baba, na kile kioo cheusi anakibusu.

Siku ya mapumziko iliyopita mtandao ulituonea huruma. Nikampata. Nilikuwa nimekaa dirishani, jua lote usoni, nimenyoa ndevu. Akanitazama sana. Akamwuliza mama yake, "Nani?" Mama yake akasema, "Baba yako huyo." Akasema, "Si Baba Giza," akaficha uso kwenye bega la mama yake na hakuuinua tena. Mke wangu alicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu kwenye simu ndivyo tunavyofanya.

Hesabu mwenyewe, dada. Ulichomwondolea ni baba, ukamwachia mwanamume fulani mwenye mwanga.

3. Umemwachisha kazi Karani.

Hapa nitasema ukweli mtupu, kwa kuwa uongo unachosha na mimi nimechoka tayari. Giza lile halikuwa la bahati mbaya. Karani ni hita ya maji, ile ya kutumbukiza kwenye ndoo, ambayo waya wake umetafunwa na panya katikati. Ukimtumbukiza na kumchomeka, shoti. Tulimwita Karani kwa sababu ndiye aliyekuwa anatupangia saa zetu. Ratiba yake tuliiandika nyuma ya boksi la vigae, tukaibandika ndani ya mlango wa stoo ya mafagio: nani ana shida nyumbani, siku gani, saa ngapi za kwao. Walio kwenye mapumziko bwenini walimtumbukiza kwa ajili ya walio kazini, na walio kazini wakitoka walirudisha fadhila. Mwenzetu aliyefiwa na kaka yake alipewa giza tatu mfululizo na hakuna aliyenung'unika, hata Redio.

Ulipoondoka tulidhani bado. Tukamtumbukiza Karani. Tap. Chumba kimoja. Tukamtumbukiza pamoja na pasi. Tap. Mwisho tukapanga Karani korido ya kwanza, pasi mbovu korido ya pili na jiko la koili korido ya tatu, kwa hesabu ya moja, mbili, tatu. Tap, tap, tap. Wadogo watatu wakaanguka kwa adabu zao, kila mmoja kwake, na huko kiwandani mikanda inavuma kama haijasikia kitu. Mzee Bisibisi akaja akawarudisha wote watatu kwa kidole kimoja. "Mnajichosha, wanangu," alisema. "Yule dada amefunga kazi."

4. Kuhusu Mzee Bisibisi mwenyewe.

Zamani alikuwa mtu wa kusubiriwa. Alipokuwa anatembea kwenda kibandani na ule mkoba wake, kiwanda kizima kilikuwa kinamwombea aende polepole, na alikuwa anakwenda polepole kweli, kwa sababu naye ana wajukuu na alikuwa anawapigia njiani. Siku hizi anashinda amekaa kwenye kiti nje ya ofisi. Amepewa mpira wa kumwagilia maua. Juzi nilimsikia analiuliza ua kwa nini halichanui, nikaona tumeanza kupoteza mtu.

5. Umetutia mawazo ya hatari.

Nililala nikiwaza maneno yako: aliye karibu na kosa ndiye akate, mkubwa asubiri. Mimi sikuyasikia kama maneno ya umeme. Maana hapa kiwandani hakuna kinachokwenda hivyo. Kigae kimoja kikichubuka, anayefoka kwanza ni meneja, juu kabisa, na nyapara aliyesimama karibu na kigae anasikia habari hizo mchana. Swichi ya wasiwasi ile ile.

Kwenye likizo yangu mambo yamepinduka, lakini ubovu ni huo huo. Ombi langu ni la mistari mitatu: naomba kwenda kumwona mtoto. Nyapara, aliye karibu nami, ambaye analisikia hata jinsi ninavyokoroma, angeweza kulikata au kuliruhusu palepale. Hathubutu. Analipitisha kama ule waya mnene. Bwana Kwanini analipitisha. Meneja analipitisha. Linafika makao makuu, kwa mtu ambaye hajawahi kuniona, na huyo ndiye anayekata. Mara tatu nimeomba, mara tatu limekatwa huko huko, na sababu ni ile ile imeandikwa kwa mashine: "Uzalishaji uko nyuma kutokana na kukatika kwa umeme mara kwa mara." Hilo ni jambo jingine kabisa na silichanganyi na hili la giza.

Ninachosema ni kwamba ungeanza na watu, ndipo uje kwenye nyaya. Ungechora mstari wa nyapara, mstari wa msimamizi, mstari wa meneja, ukahakikisha haigusani. Badala yake umeipa busara swichi, ukaondoka, ukatuacha sisi tukilinganisha. Hata mpishi wa bweni ameanza kuuliza kwa nini wali ukiungua anaitwa ofisini wakati sufuria lipo jikoni.

Kwa sababu hizo tano, naomba kwa heshima yafuatayo, na lolote utakalolikubali nitashukuru:

(a) Urudi na bisibisi yako uishushe swichi kuu pale ilipokuwa. Ngazi nitashika.

(b) Kama (a) ni kinyume cha taratibu zenu, uirekebishe iwe na wasiwasi siku za Jumanne na Ijumaa tu, saa nane na nusu, dakika arobaini. Dakika thelathini zinatosha kama mtoto hajasinzia.

(c) Kama (b) haiwezekani, uurudishe ule waya mnene kwenye korido ya tatu pekee. Hatutawaambia wa korido ya pili.

(d) Kama yote hayo hayawezekani, basi uniandikie barua yenye mhuri, kwa jina la uhandisi, ya kumthibitishia binti yangu kwamba huyu wa mwangani na yule wa gizani ni mtu mmoja. Kusoma hajui bado, lakini mama yake atamsomea, na wewe una namna ya kueleza mambo mpaka mtu aliye chini ya ngazi akaelewa.

Nisalimie kompyuta yako, na dereva aliyekuwa analala garini kwa mdomo wazi, na wote hapo ofisini kwenu wanaochora mikia ya paka. Mzee Bisibisi anakusalimu. Anasema hana kinyongo, ila maua yamemshinda. Redio anakusalimu kwa maneno mengi ambayo nimeyapunguza. Swichi kuu haijambo, nilipita kibandani jana nikaiona imetulia, haina habari na mtu.

Ni mimi, aliyekushikia ngazi siku tisa bila kuitikisa,
Kikaushio, zamu ya mchana, chumba namba 14.

Nyongeza. Ijumaa, tarehe 12.

Dada, barua hii sikuwahi kuifunga. Jana bahasha ilikuwa mkononi, natoka kula, Bwana Kwanini akaniita. Nikajua ni pasi ya Redio. Akanipa karatasi. Nikaisoma. Nikamrudishia nikidhani si yangu. Akasema, "Kwa nini unairudisha?", na kusema kweli nilifurahi kusikia ameipata kazi yake tena.

Ile oda kubwa ya vigae imemalizika siku kumi na moja kabla ya wakati wake. Imeandikwa kwa mashine ile ile: kwa kuwa mikanda haikusimama hata mara moja kwa siku sitini, orodha ya likizo imefunguliwa, na waliokataliwa mara nyingi waanze. Mimi ni wa kwanza. Redio ni wa kumi na tisa.

Kwa hiyo nakuomba, kwa udugu ule ule, maombi (a), (b) na (c) uyasome kama hayakuandikwa. Usije na bisibisi. Usiiguse swichi kuu, usiisogelee, na ukiota umeigusa amka. Mambo huku yamebadilika tangu jana. Karani tumemkata waya kwa mkasi wa bati mbele ya mashahidi, na ratiba yake tumeichana. Redio ameweka kiti chini ya kabati la korido ya tatu na analinda ile breka ndogo kama yai. Ametangaza kwamba hakuna kupiga pasi mpaka wa kumi na tisa apite getini, na leo zamu nzima imeingia kazini imekunjamana, meneja akauliza kama tuna msiba. Mzee Bisibisi ametoka kwenye kiti chake. Anapita kila korido akikagua plagi moja moja, na watu wanamsimamia kwa heshima kuliko zamani.

Ningeichana barua hii, lakini imenichukua siku tatu na sijawahi kuandika ndefu hivi. Pia nataka ujue kwamba nilikosea kwa uangalifu.

Ombi (d) nalo liache. Nitalishughulikia mwenyewe, mimi ndiye niliye karibu na kosa. Naondoka huku Jumamosi tarehe 27 na nategemea kufika mlangoni kwangu Jumatatu tarehe 29, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshapanda. Nimemwambia mke wangu siku hiyo asiende kazini, na afunge madirisha yote ya chumba mpaka pawe giza kabisa. Nitaingia mimi kwanza, nikae sakafuni, nimwite. Akishanijua kwa sauti na kuja, ndipo nitafungua dirisha dogo, kidogo kidogo. Lile kubwa litasubiri.